Fundo Linalokubali Kufunguliwa: Plastiki Zisizoyeyuka na Hatima ya Taka za Dar es Salaam

Katika yadi za kununulia plastiki kule Tandika, Mbagala au Mwananyamala, kila kitu ama kina bei au hakina. Chupa ya maji ina bei. Ndoo iliyopasuka ina bei, kiti kilichovunjika mguu kina bei, na dumu la mafuta ya kula nalo lina bei. Lakini mwokota makopo akileta malapa yaliyokatika, plagi iliyoungua, kishikio cha sufuria, sponji la godoro au tairi la bodaboda, ataambiwa aondoke navyo. Mwenye yadi anajua mzigo wake unakokwenda: kwenye mashine ya kusaga na kuyeyusha. Vitu hivi havikubali kuyeyuka. Ukivipasha moto vinavumilia, ukizidisha vinaungua, moshi mweusi unatanda na mwisho wake ni majivu.

Mpaka huo kati ya chenye bei na kisicho na bei hauwekwi yadini. Uliwekwa siku kitu kilipotengenezwa, ndani ya molekuli zake. Kwa zaidi ya karne moja wahandisi waliuona kuwa hauvukiki: ukitaka kitu kinachostahimili joto, mafuta na msuguano, ukubali kwamba kikichakaa ni taka ya kudumu. Tangu mwanzoni mwa karne hii wanakemia wameanza kuuvuka. Wanabuni polima zenye uimara wa tairi au gundi ya epoksi, lakini vifungo vyake vya ndani hubadilishana nafasi zikipashwa joto, ili kitu kilichochakaa kifinyangwe upya.

Makala haya yanapima kazi hiyo imefika wapi, na ina maana gani kwa jiji ambalo sensa ya 2022 ililikuta na watu zaidi ya milioni 5.3. Msimamo wangu ni kwamba kemia imeshathibitisha kuwa jambo hili linawezekana. Kilichobaki ni swali la kifungo gani kinafunguka kwa joto gani, katika unyevu gani, mikononi mwa nani. Tusipojiuliza wenyewe, tutaletewa majibu yaliyobuniwa kwa ajili ya miji mingine.

Wavu ndani ya tairi

Polima ni molekuli ndefu kupita kiasi: atomu zimeshikana moja baada ya nyingine, maelfu kwa maelfu, zikafanya uzi. Katika chupa ya maji au ndoo, nyuzi hizo zimelala pamoja na kusokotana, lakini hakuna uliofungwa kwenye mwenzake. Joto likipanda zinateleza, plastiki inakuwa uji mzito, unaimimina kwenye kalibu, ikipoa una ndoo nyingine.

Sasa mtazame mvuvi wa Kunduchi anavyofuma wavu. Nyuzi zilezile zilizokuwa zimekaa kwenye bunda, akishazifunga mafundo zinakuwa kitu kimoja. Huwezi kuvuta uzi mmoja ukatoka peke yake. Utavuta wavu mzima, au utakata. Tairi limejengwa hivyo. Nyuzi za mpira zimefungwa kwa madaraja ya salfa, hapa na pale, hadi mpira wote wa tairi, kwa hesabu ya kikemia, unakaribia kuwa molekuli moja. Ndiyo maana hauyeyuki: hakuna uzi ulio huru kuteleza.

Charles Goodyear wa Marekani aligundua mwaka 1839 kwamba mpira wa miti ukipikwa pamoja na salfa haulainiki tena kwa jua wala haukakamai kwa baridi, na mwaka 1844 akapata hataza. Nchini Uingereza Thomas Hancock alifika hapohapo karibu wakati uleule. Mwaka 1907 Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, akatengeneza Bakelite kwa fenoli na formaldehaidi. Hiyo ikishaganda ndiyo basi, na ukoo wake ungali kwenye vishikio vya sufuria zetu.

Mafundo haya hayakuwekwa kwa bahati mbaya. Bila hayo, tairi la daladala linalosuguana na lami ya Mbagala Rangi Tatu saa nane mchana lingegeuka ulimbo. Godoro lingebonyea jioni na lisiinuke asubuhi. Boti ya faiba ingelegea kwa jua na mafuta ya injini. Sifa inayotunufaisha kitu kikiwa kizima ndiyo hiyohiyo inayotushinda kikichakaa, na hapo ndipo ugumu wote wa suala hili ulipo.

Watafiti Roland Geyer, Jenna Jambeck na Kara Lavender Law walikadiria mwaka 2017 kwamba hadi mwaka 2015 dunia ilikuwa imetengeneza tani bilioni 8.3 za plastiki, na katika taka zilizotokana nazo ni asilimia 9 tu iliyorejelezwa. Hata sehemu hiyo ndogo ni hasa ya plastiki zinazoyeyuka. Zile zenye mafundo zimebaki nje ya mlango.

Jiji linalojua kufunga

Kemia ya Goodyear inafanyika kila siku kwenye vijiwe vya pancha vya Temeke na Kinondoni. Tyubu ikitoboka, fundi anaijaza upepo na kuizamisha kwenye beseni la maji aone mapovu yanatokea wapi. Anaikausha, anaikwangua hadi iparuzike, anapaka solusheni, anasubiri ikauke kidogo, kisha anabandika kiraka. Kazi ikiwa nzito zaidi anaweka mpira mbichi, anaubana kwa kibanio cha chuma na kuupasha moto, pengine kwa moto mdogo unaowaka ndani ya pistoni chakavu iliyokaa juu ya kibanio. Baada ya muda mfupi mpira ule uliokuwa unanata vidoleni umekuwa imara na umeshikana na tyubu. Salfa imefunga mafundo yake. Fundi huyu ameimudu nusu ya kwanza ya sayansi hii, tena barabarani, bila kipimajoto. Nusu ya pili, ya kufungua, hakuna aliyemfundisha, kwa kuwa hadi juzijuzi haikuwapo.

Kwa sababu kufungua hakuwezekani, jiji limejifunza kukata. Fundi wa katambuga anachovya kisu chake kwenye maji kisikwame, anachonga soli kwenye upande wa kukanyagia na mikanda kwenye ubavu wa tairi. Tyubu hukatwa mipira ya kufungia mizigo kwenye baiskeli na mikokoteni. Sponji la godoro hukatwakatwa likajazwa kwenye mito na makochi. Ni kazi za akili na zinalisha familia nyingi. Hata hivyo kila moja inakishusha kitu ngazi moja: tairi linakuwa kiatu, kiatu kikiisha kinakuwa taka, na hakuna njia ya kupanda tena.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa mpaka huu unaelea baharini. Septemba 2018 huko Lamu, fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake walishusha majini Flipflopi, dau la mita 9 hivi lililojengwa kwa takriban tani 10 za taka za plastiki, na mapema mwaka 2019 likasafiri kilomita 500 hivi hadi Zanzibar. Mkuku, mataruma na mbao zake ni plastiki iliyokusanywa, ikayeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Lakini malapa yapatayo 30,000 yaliyolipa jina lake hayakuyeyushwa. Yalikatwa vipande na kubandikwa nje, rangi kwa rangi. Sponji la malapa mengi ni polima iliyofungwa mafundo, kwa hiyo njia iliyobaki ilikuwa kisu na gundi. Kampuni ya Ocean Sole ya Kenya, inayochonga sanamu za twiga na tembo kutokana na malapa yaliyookotwa fukweni, nayo inabandika na kuchonga. Chombo kimoja cha Kiswahili kimebeba aina zote mbili za plastiki: iliyokubali kuanza upya imekuwa kiunzi, iliyokataa imekuwa ngozi.

Kisichokatwa wala kubandikwa kinabaki uani, na Dar es Salaam inajua gharama yake. Tairi lililotupwa hukusanya maji ya mvua, na maji hayo ndiyo makazi anayoyapenda mbu wa Aedes, aenezaye homa ya dengue. Jiji lilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014, na mwingine mwaka 2019. Tairi halikuwa sababu pekee, lakini kila lililokosa pa kwenda liliongeza beseni moja la mazalia. Suala la vifungo vya kikemikali linaanzia maabara na kuishia zahanati.

Fundo linalohama

Miaka ya 1940 Arthur Tobolsky na wenzake nchini Marekani waliona kwamba aina fulani za mpira zenye vifungo vya salfa kwa salfa, zikivutwa na kushikiliwa kwenye joto, hupoteza mkazo wake polepole. Vifungo vilikuwa vikibadilishana wenzi bila mpira kukatika. Wakati ule ilionekana kasoro. Mwaka 2002 kundi la Fred Wudl wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, likaigeuza kuwa kusudi: likatengeneza polima ngumu ambayo mafundo yake yakipashwa moto hufunguka na yakipoa hujifunga tena, hivyo ufa ukaweza kuzibwa kwa joto peke yake.

Hatua iliyoamsha ulimwengu ilikuja mwaka 2011, pale Ludwik Leibler na wenzake wa chuo cha ESPCI jijini Paris walipochapisha matokeo yao katika jarida la Science. Walichukua epoksi, wakaifunga kwa asidi zinazotokana na mafuta, wakatia chumvi ya zinki iwe kichocheo. Walipata plastiki isiyoyeyuka kwenye kiyeyusho chochote walichokijaribu. Lakini ikipashwa joto la kutosha ilipindika na kuunganika, na ikisagwa iliweza kufinyangwa upya. Waliita jamii hiyo vitrima, kwa kuwa inalainika kidogo kidogo kadiri joto linavyopanda, sawa na kioo mikononi mwa fundi wa vioo, wala haigeuki maji ghafla.

Tofauti kati ya kazi ya Wudl na ya Leibler ndiyo inayogawa uwanja huu hadi leo. Katika njia ya kwanza fundo linafunguka kabisa, kisha linatafuta mwenzi mpya. Joto likipanda mafundo yanapungua, polima inalegea haraka na ni rahisi kuifinyanga, lakini ikizidishiwa moto wavu unaweza kusambaratika. Katika njia ya pili fundo jipya hufungwa kwanza ndipo la zamani liachie. Idadi ya mafundo haipungui wakati wowote. Wavu hausambaratiki, unabadili umbo tu, na kitu kinabaki imara hata kikiwa katikati ya kufinyangwa.

Mbunifu ana mambo manne ya kuchezea: aina ya kifungo, wingi wa mafundo, urefu wa uzi kati ya fundo na fundo, na kichocheo. Akiongeza kichocheo, vifungo hubadilishana kwa kasi na joto la kufinyangia hushuka. Akiongeza mafundo, kitu kinakuwa kigumu zaidi lakini kinachelewa kulainika. Ustadi ni kuacha nafasi ya kutosha kati ya joto la matumizi na joto la kufinyangia. Bati la nyumba ya Mbagala likipigwa na jua linaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Vitrima nyingi za epoksi hufinyangwa kuanzia nyuzi 150 hadi 200 au zaidi. Nafasi hiyo inatosha. Tena, nyuzi 150 ni joto la kawaida kwenye mashine za kupikia mpira, na nyuzi 200 ni joto la pasi ya umeme. Kwa baadhi ya polima hizi, karakana yenye kinu cha kusagia na mashine ya kubana kwa moto ina kiini cha mtambo wa kurejeleza, bila tangi la kemikali kali.

Kila kifungo na hali ya hewa yake

Hapa lazima tuangalie kwa macho ya pwani, maana kifungo kinachosifiwa Ulaya si lazima kifae Temeke.

Vifungo vya imini, vinavyounganisha kaboni na nitrojeni, vinavutia kwa kuwa vingi havihitaji kichocheo. Mwaka 2014 kundi la Wei Zhang wa Chuo Kikuu cha Colorado lilionyesha wavu wa imini unaofinyangika kwa joto au kwa maji. Kwa nchi kavu hiyo ni faida. Kwa jiji lenye masika ya Machi hadi Mei na upepo wa chumvi mwaka mzima, kifungo kinachofunguliwa na maji ni cha kukitilia shaka hadi kipimwe. Watafiti wamejaribu kukilinda kwa minyororo ya mafuta inayofukuza maji, na njia hiyo inaleta matumaini. Vifungo vya boroni vina udhaifu wa namna hiyohiyo.

Vifungo vya salfa tunavijua tayari, kwa kuwa ndivyo vilivyo kwenye tairi. Mwaka 2015 kundi la Sophie Norvez na Leibler huko Paris lilichukua mpira wa asili uliokwisha kubadilishwa kidogo kikemia, likaufunga kwa asidi yenye salfa mbili zilizoshikana, na mpira huo ukaweza kusagwa na kubanwa kuwa kitu kipya. Habari hii inatuhusu. Tanzania ina mashamba ya miti ya mpira Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, Kilombero, yaliyokusudiwa kulisha kiwanda cha General Tyre cha Arusha kabla hakijasimama. Mpira wetu ulipoteza mnunuzi wake mkubwa. Ukirudi sokoni, haulazimiki kurudi katika umbo lilelile la mwaka 1839.

Godoro ni poliurethani, na mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, wakiongozwa na William Dichtel, walionyesha njia ya kulishughulikia godoro la kawaida lililokwisha kutengenezwa. Waliliingizia kichocheo, kisha wakalipitisha kwenye mashine ya skrubu mbili yenye joto. Vifungo vya urethani vikaanza kubadilishana, na sponji likatoka likiwa plastiki nzito inayofinyangika. Uzito wa kazi hii ni kwamba inagusa taka iliyopo, si bidhaa ya kesho peke yake. Kasoro yake ya awali ilikuwa kichocheo cha bati, kemikali ambayo usingependa ibaki ndani ya kitu cha kulalia, na watafiti wameendelea kutafuta vichocheo salama zaidi.

Zipo pia polima ambazo hazikusudiwi kufinyangwa bali kuvunjwa hadi zirudi malighafi. Mwaka 2019 kundi la Brett Helms katika Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley, California, lilitangaza polima inayoachia vifungo ndani ya asidi kali bila kupashwa moto, ikitoa malighafi safi hata kama ilichanganywa na rangi na vijazio. Ni kemia nzuri sana, lakini inadai asidi, mabomba na usimamizi wa majitaka ambao karakana ya uswahilini haina na isiruhusiwe kuubahatisha. Mwaka 2020 kundi la Jeremiah Johnson wa MIT likaonyesha jambo jingine la kutia moyo: ukiweka kiasi kidogo tu cha vifungo vinavyofunguka ndani ya nyuzi za polima ngumu, mahali panapostahili, wavu mzima unaweza kuvunjika vipande vinavyoyeyuka. Si lazima kubadili kila kifungo, na hilo linagusa bei moja kwa moja.

Pingamizi zinazostahili kujibiwa

Mtu makini atauliza: fundo linalokubali kuhama kwenye moto, litakataa kuhama kwenye kazi? Pingamizi hili ni zito kuliko yote. Polima yenye vifungo vinavyobadilishana hujivuta taratibu ikibeba mzigo kwa muda mrefu. Gurudumu la lori lililosimama na shehena Kurasini wiki nzima haliruhusiwi kubonyea upande mmoja. Dawa mojawapo ni kuchanganya mafundo ya kudumu na yanayohama, kwa kipimo ambacho ya kudumu yanashikilia umbo na yanayohama yanatosha kuruhusu urejelezaji. Dawa hiyo inafanya kazi maabara. Kwa tairi linalobeba uhai wa abiria, uthibitisho wake lazima uwe mkali, na sioni aibu kusema matairi yawe ya mwisho kubadilika. Tuanze na malapa, soli, vishikio na mazulia ya magari, ambako kosa halimwui mtu.

Pingamizi la pili ni mchanganyiko. Tairi si mpira mtupu: lina masizi meusi, nyaya za chuma, nyuzi za nailoni na kemikali za kulizuia lisipasuke. Godoro lina gundi na kitambaa. Kila mzunguko wa kusaga na kubana hupunguza kitu fulani, na vijazio hivyo huzuia vifungo kubadilishana kama inavyotarajiwa. Kipande safi cha maabara na kipande cha jalala la Pugu Kinyamwezi ni vitu viwili tofauti, na matokeo ya kimoja hayatumiki kuahidi kingine.

La tatu ni bei. Salfa ni rahisi mno, na kila kinachotaka kuchukua nafasi yake kinashindana na miaka 180 ya unafuu. Hapa soko peke yake halitatufikisha, kwa sababu bei ya tairi dukani haijumuishi gharama ya moshi, ya mfereji ulioziba wala ya mgonjwa wa dengue. Gharama hizo zinalipwa, ila zinalipwa na mtu mwingine.

La nne ni la kijamii, na kwangu ndilo la msingi. Vitrima haitofautiani kwa macho na plastiki ya kawaida yenye mafundo. Mchambuzi wa yadi hutambua plastiki kwa kuigonga na kusikiliza mlio, kuikunja, kuizamisha kwenye maji, kuichoma ncha na kunusa. Malapa ya vitrima yakichanganyika na malapa ya kawaida, yote yatatupwa pamoja na kemia yote itakuwa bure. Alama inayoonekana na kushikika, iliyokubaliwa na viwanda vyote, ina uzito sawa na kifungo chenyewe. Vilevile, anayechambua alipwe kwa alama hiyo. Teknolojia ambayo mwokota makopo hafaidiki nayo haitakusanywa na mtu yeyote.

Mzigo unaokuja na mali tuliyo nayo

Haya si mambo ya kusubiri. Karibu na Ziwa Turkana, Kenya, kuna mitambo ya upepo 365 iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019, kila mmoja na mapanga matatu. Hayo ni mapanga 1,095 ya nyuzi za kioo zilizoshikwa na gundi ngumu yenye mafundo. Mapanga ya namna hiyo hutumika miaka 20 hadi 25 hivi, kwa hiyo yatashushwa wakati watoto walioko shule ya msingi leo wakiwa kazini. Mwaka 2021 kampuni ya Siemens Gamesa ilitoa panga lenye gundi inayofunguliwa kwa asidi, na mwaka 2023 Vestas, watengenezaji wa mitambo ya Turkana, walitangaza njia ya kikemia ya kuvunja epoksi ya mapanga yaliyokwisha kutumika. Anayenunua mtambo wa upepo Afrika Mashariki leo ana haki ya kudai panga linalofunguka, kwa kuwa lipo.

Upande wa malighafi hatuko mikono mitupu. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi. Wabanguaji wa Mtwara na Lindi hujipaka majivu au mafuta mikononi ili yasiwababue. Makali hayo yanatokana hasa na asidi ya anakadi na jamaa zake, na asidi hiyo ikipashwa moto hutoa kadanoli, fenoli yenye mkia mrefu wa mafuta. Viwanda duniani huitumia kutengeneza breki za magari na vigandishi vya epoksi, na watafiti wamekwisha kuitumia kujenga vitrima. Mkia wake wa mafuta hufukuza maji, sifa ambayo pwani yetu inaihitaji. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Egid Mubofu na wenzake wamefanya kazi ya miaka mingi kuhusu kemikali za ganda hili. Hata hivyo sehemu kubwa ya korosho yetu imekuwa ikisafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, ganda likiwa juu yake. Tunauza kokwa, na malighafi ya kikemia tunaitoa nyongeza.

Pa kuanzia

Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, ilionyesha kuwa inaweza kuchukua uamuzi mlangoni: abiria waliotua viwanja vya ndege walitakiwa kuiacha mifuko hiyo pale pale. Kenya ilitangulia mwaka 2017, na Rwanda kabla yake mwaka 2008. Marufuku ni chombo butu, na kwa tairi au godoro haifai, kwa kuwa hatuwezi kuishi bila vitu hivyo. Lakini mamlaka yaliyotumika kukataa yanaweza kutumika kuchagua. Shirika la Viwango lina uwezo wa kudai alama kwenye kila bidhaa yenye polima ya mafundo, ikieleza kama inafunguka na kwa njia gani. Zabuni za Serikali za magodoro ya hospitali na mabweni zinaweza kutoa pointi kwa mzabuni atakayechukua magodoro yake yakichakaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka msingi wa kumwajibisha mchafuzi. Kinachokosekana ni kuushusha wajibu huo hadi kwa aliyechagua kifungo.

Kuhusu utafiti, vyombo vinavyohitajika viko ndani ya wilaya za Kinondoni na Temeke. Tume ya Sayansi na Teknolojia iko Kijitonyama na shirika la utafiti wa viwanda la TIRDO liko Msasani, zote Kinondoni. Chuo cha VETA kiko Chang'ombe, Temeke. Jaribio la kwanza halihitaji fedha za kutisha: sampuli za vitrima za aina tatu au nne, ikiwamo ya kadanoli, ziwekwe juu ya paa la bati Mbagala na ufukweni Kunduchi kwa masika mawili, kisha zisagwe na kubanwa kwa mashine zilizopo, na nguvu zake zipimwe kila mzunguko. Mafundi pancha na wachambuzi wa yadi wawemo tangu siku ya kwanza, wakilipwa kama wataalamu, kwa kuwa wanajua tabia ya mpira na plastiki ya jiji hili kuliko ripoti yoyote.

Matokeo yake yatatuambia kifungo kipi kinastahimili hapa na kipi kinashindwa. Tukiwa na jibu hilo tutaweza kuandika kiwango, kumkabili mwagizaji wa bidhaa, na kumwambia mwekezaji wa korosho kwamba kuna soko la ganda. Bila hilo, kila polima mpya itakayoshushwa bandarini ikiwa na sifa ya kurejelezeka tutalazimika kuipokea kwa maneno ya muuzaji.